Wasomaji wa Nyasi

Likunja, wilayani Ruangwa, ng'ombe bado ni mgeni. Ruangwa na jirani yake Nachingwea ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, na kwa vizazi mbung'o hakuruhusu zizi listawi. Makundi makubwa yalianza kumiminika mkoani Lindi baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu. Baadhi yao walikuja na ufundi usioandikwa kwenye kibali chochote cha mifugo: kusoma nyasi.

Mchungaji aliyeiva huanza na mavi. Yakianguka laini na kutandaa, majani bado yana nguvu. Yakiwa magumu, pete juu ya pete, mnyama anatafuna mabua tu. Jioni hutupia jicho ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Ukibonyea, ng'ombe ameshinda akitembea, hakula. Mwisho huinama kwenye shina lenyewe. Ng'ombe huanza na jani na kuliacha bua, kwa hiyo penye mabua yaliyong'atwa hadi chini, malisho yamekwisha, hata kama kwa mbali panaonekana kijani. Hapo fundi huswaga kundi lake siku ileile. Hangoji kikao.

Wasukuma waliugeuza ujuzi huo kuwa utaratibu: ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mkoani Shinyanga ngitili zilikaribia kutoweka, mpaka mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, ulipozifufua na kutunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Mtaalamu wa malisho hufika palepale kwa mundu na mizani. Hukata nyasi za mita moja ya mraba, huzikausha, huzipima. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo sita za majani makavu kwa siku, zaidi ya tani mbili kwa mwaka. Hekta ikitoa tani mbili, na nusu ikaachwa ili ardhi isibaki uchi, ng'ombe huyo mmoja anadai hekta mbili na ushee.

Nachingwea inajua gharama ya kupuuza hesabu za namna hii. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwemo, matrekta yakitangulia kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 waliuacha, pauni milioni 36 zimeteketea. Zilikuwa karanga, si ng'ombe, lakini dharau ni ileile.

Siku hizi mwenye kundi huweza kuwa mjini, na mchungaji ni kijana wa mshahara anayehesabu vichwa, si majani. Tangu 2010 nchi ina sheria ya malisho. Macho ya kuitekeleza ndiyo yanayopungua. Kamati ya kijiji inapopima eneo la wafugaji, basi imchukue mzee mmoja anayejua, na iende Oktoba, moto ukishapita, isiende Machi nyasi zikiwa kiunoni.