Tatizo la Viwakilishi: Bugs Bunny na Daffy Duck Kutoka Msituni Hadi Sebuleni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki The Looney Tunes Show, tamthilia ya vichekesho ya katuni iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Cartoon Network mwaka 2011, kwa kuilinganisha na filamu fupi tatu za uwindaji za Chuck Jones za 1951 hadi 1953. Yanadai kwamba usasishaji wa Daffy Duck ulifaulu kwa sababu ulihifadhi udhaifu wake wa kisarufi, yaani kushindwa kutofautisha nafsi ya kwanza na nafsi nyingine, na kuugeuza kuwa mwenendo wa maisha. Bugs Bunny alipewa nyumba na kunyang'anywa adui, na hasara ya badiliko hilo haijapimwa ipasavyo.

Utangulizi

Mhusika wa katuni anapoletwa upya baada ya miongo kadhaa, mjadala huanzia kwenye sura yake: masikio yamechorwaje, rangi imebadilishwa vipi, anafanya kazi gani siku hizi. The Looney Tunes Show ilipokewa hivyo hivyo. Ndani yake Elmer Fudd, mwindaji wa zamani, ni msomaji wa habari wa televisheni. Yosemite Sam ni jirani. Speedy Gonzales anauza piza. Na Bugs na Daffy wanaishi pamoja katika nyumba ya kitongoji tulivu cha Marekani. Kwa orodha kama hii ni rahisi kuhitimisha kwamba usasishaji ni kazi ya kugawa ajira. Lakini ajira ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote za jambo hili. Jaribio la awali la kampuni ya Warner Bros., Loonatics Unleashed la mwaka 2005, liliwaonyesha vizazi vya wahusika hao katika mwaka 2772 wakiwa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Kila kitu cha nje kilikuwa kipya, na hakuna uhusiano hata mmoja wa zamani uliosalia wa kumfanya mtazamaji amtambue yeyote kati yao. Jaribio hilo halihitaji nafasi zaidi hapa.

Neno "asilia" nalo litumiwe kwa tahadhari. Daffy wa Porky's Duck Hunt (1937), filamu iliyoongozwa na Tex Avery, ni bata mwehu anayerukaruka juu ya maji bila sababu. Hana wivu, wala hana tamaa. Bugs aliyekamilika kitabia katika A Wild Hare (1940), kazi nyingine ya Avery, bado hakuwa na mpinzani wa aina hiyo. Ni Chuck Jones na mwandishi wake Michael Maltese walioutwaa wehu wa Daffy wakaufanya choyo, kisha wakamsimamisha kando ya Bugs mbele ya mtutu wa bunduki katika Rabbit Fire (1951), Rabbit Seasoning (1952) na Duck! Rabbit, Duck! (1953). Daffy anayeitwa wa kale ni zao la usasishaji uliotangulia, na watayarishaji wa 2011, Spike Brandt na Tony Cervone, walikuwa wanasasisha kilichokwisha kusasishwa. Hoja kwamba walivunja kitu kilichokuwa kimetulia haina mashiko.

Mtego wa nafsi

Katika Rabbit Seasoning, Bugs anamuuliza Elmer kama angependa kumpiga risasi yeye Bugs pale pale au asubiri mpaka afike nyumbani. Daffy, ambaye hamu yake pekee ni kumwona mwenzake akiuawa, anadakia na kumhimiza mwindaji ampige papo hapo. Bugs anamgeukia na kumwambia asijiingize, kwa maana Elmer halazimiki kumpiga Daffy wakati huo. Nafsi moja imebadilishwa. Daffy hasikii badiliko hilo. Anasikia kwamba amepingwa. Kwa hiyo naye anapinga kwa nguvu zote, anadai apigwe yeye, na anapigwa. Baadaye anayarudia mazungumzo polepole kama mwanafunzi anayechanganua sentensi, anagundua kwamba tatizo liko kwenye viwakilishi, anarudi uwanjani akiwa na ujuzi huo mpya, na anashindwa tena.

Mtafsiri wa Kiswahili angekutana hapa na jambo linalostahili uchunguzi. Katika Kiingereza kiwakilishi cha mtendwa ni neno huru na linaweza kubebeshwa mkazo, hivyo sauti ya mwigizaji Mel Blanc inaweza kulisukuma mbele au kulificha apendavyo. Katika Kiswahili nafsi hiyo hukaa ndani ya kitenzi: mpige, nipige; akupige, anipige. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika maumbo yote manne, na silabi inayoamua nani afe haiupati hata mara moja. Kwa Daffy mtego ungekuwa mkali zaidi kuliko ulivyo katika lugha ya mwanzo. Kwa mtazamaji ungekuwa katika hatari ya kupita bila kusikika. Mtafsiri angelazimika kuongeza viwakilishi huru, yaani mimi, wewe na yeye, ili mchezo uonekane. Lakini akifanya hivyo Daffy anakuwa mjinga kuliko alivyo, kwa sababu hana tena kisingizio cha kutosikia. Ucheshi wa mandhari hii unategemea kipimo sahihi cha uficho, na kila lugha ina kipimo chake.

Katika filamu hizi kauli hufyatua risasi. Neno likitamkwa, bunduki hujibu, mdomo wa bata huzunguka hadi kisogoni, na mhusika huurudisha mahali pake kwa mkono. Henri Bergson alieleza katika Le Rire (1900) kwamba kicheko huzuka pale kiumbe hai kinapotenda kama mashine. Daffy anayedai kuuawa ni mfano unaokaribia ukamilifu: ubishi umejiendesha wenyewe mpaka ukampita mwenye ubishi.

Mdoezi katika nyumba ya mwenzake

Filamu fupi ya dakika saba inaweza kuishi kwa mtego mmoja. Kipindi cha dakika 22 hakiwezi, na vipindi 52 vya misimu miwili ndiyo kabisa. Kituo cha televisheni cha watoto cha mwaka 2011 pia hakikuwa mahali pa kumpiga bata risasi ya uso kila baada ya dakika mbili. Swali lililowakabili waandishi lilikuwa zito: kama mwili hauadhibiwi tena, Daffy ataadhibiwa wapi?

Jibu lao linaonekana tangu kipindi cha kwanza, Best Friends. Bugs na Daffy wanashiriki katika shindano la televisheni linalopima marafiki wanafahamiana kiasi gani. Bugs anamjua mwenzake vizuri. Daffy, aliyeishi naye nyumba moja kwa miaka, hajui lolote kumhusu. Hapa tatizo la viwakilishi limerudi bila kutajwa. Daffy wa 1952 alishindwa kufuatilia nani ni mimi na nani ni yeye kwa muda wa sentensi mbili. Daffy wa 2011 ameishi maisha yake yote bila nafsi ya pili. Anakula chakula cha Bugs na kukaa katika nyumba ya Bugs, na katika kinywa chake "yetu" na "yangu" hazina tofauti. Kiswahili kina jina la mtu huyu: ni mdoezi. Methali inayoagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu inamhusu moja kwa moja, ila ndani ya nyumba hii siku ya tatu haifiki, na kutofika kwake ndiko kunakoendesha tamthilia nzima.

Adhabu imehamia kwenye aibu. Risasi iliyochelewa kwa nusu sekunde msituni, sebuleni huchelewa kwa kipindi kizima, na mara nyingine inapotua Daffy haioni. Katika Peel of Fortune inafahamika kwamba Bugs anaishi kwa mapato ya kifaa cha kumenyea karoti alichokibuni. Daffy anaiba wazo la kifaa cha aina hiyo kinachojiendesha chenyewe na kutajirika, na Bugs anafilisika. Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko vingi vya msimu wake, kwa sababu kinabadilisha nafasi bila kubadilisha tabia. Akiwa na mabilioni, Daffy ni yule yule. Anaandamwa na choyo kile kile kilichomfanya adai risasi, na mtazamaji anayemfahamu anajua kabla ya mhusika mwenyewe kwamba fedha hiyo haitakaa.

Wahakiki wa fasihi simulizi watamkumbuka hapa Sungura wa kisimani. Katika ngano inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kushika jembe, kisha anakuja kwa siri kuyateka maji ya wenzake mpaka ananaswa kwa ulimbo. Wapo wanaomhusisha Sungura huyo na yule wa ngano za Wamarekani Weusi zilizochapishwa na Joel Chandler Harris mwaka 1880, na kupitia kwake na Bugs. Ukoo huo usitiwe chumvi, kwani Bugs ana wazazi wengi, wakiwemo wachekeshaji wa jukwaani na sungura wengine wa katuni waliomtangulia. Ulinganisho wa kimuundo, hata hivyo, una faida. Katika ngano, werevu na udoezi hukaa katika mwili mmoja, na msikilizaji humshangilia Sungura huku akijua kwamba hakuchimba. Tamthilia ya 2011 imevitenganisha. Bugs amepewa werevu, Daffy amepewa kiu isiyo na jembe. Kwa mgawanyo huo Daffy amerithi nusu yenye visa.

Lola na suala la ubapa

Usasishaji wenye ujasiri kuliko wote ni wa Lola. Katika Space Jam (1996) alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa kikapu, mrembo, asiyekosea. Hakuwa na kasoro, na kwa hiyo hakuwa na ucheshi. Alikuwa pambo lenye ustadi. Lola wa 2011, kwa sauti ya Kristen Wiig, anasema bila kupumua, anabadilisha nia katikati ya sentensi na kumng'ang'ania Bugs kwa mapenzi asiyoyaombwa. Inawezekana kulalamika kwamba mwanariadha mwenye heshima amegeuzwa kuwa mropokaji, na malalamiko hayo yana uzito pale anapowekwa peke yake. Lakini kando yake yupo Tina Russo, mfanyakazi wa duka la kunakilisha hati na mpenzi wa Daffy, mwanamke wa maneno machache asiyevumilia upuuzi. Tamthilia haisemi kwamba wanawake ni waropokaji. Inasema kwamba katika komedi asiye na kasoro hana pa kusimama.

Istilahi za mhusika bapa na mhusika duara, zilizoenea katika uhakiki wa Kiswahili kutoka kwa E. M. Forster (1927), hutumika mara nyingi kana kwamba ubapa ni upungufu. Kwa Forster mwenyewe haikuwa hivyo. Alitambua kwamba mhusika bapa hukumbukwa kwa urahisi na hufaa zaidi akiwa wa kuchekesha. Lola wa 1996 alikuwa bapa bila kuchekesha. Yule wa 2011 ni bapa vile vile, lakini ubapa wake una mwendo: tabia moja tu, ikisukumwa katika hali mpya kila mara. Daffy naye hakui wala hajifunzi. Wanaosifu tamthilia hii kwa madai kwamba imewapa wahusika wa kale undani wa kisaikolojia wanaisifu kwa kitu ambacho haikukifanya.

Bugs bila mwindaji

Inabaki hasara, na hasara iko kwa Bugs. Chuck Jones alieleza katika Chuck Amuck (1989) kwamba Bugs haanzishi ugomvi. Ni lazima achokozwe kwanza. Kanuni hiyo ndiyo iliyomruhusu mtazamaji kufurahia ukatili wake. Alikuwa mnyama mdogo aliyewindwa nyumbani kwake, ndani ya shimo, na kila hila yake ilikuwa ya kujihami. Mwaka 2011 shimo limekuwa nyumba yenye sebule, na aliyekuwa na bunduki anasoma habari. Bugs hana wa kumtoroka. Amekuwa mwenye mali mtulivu anayemtazama mpangaji asiyelipa.

Waandishi waliliona pengo hilo, na mara kadhaa walilifanyia kazi vizuri. Katika Jailbird and Jailbunny, Daffy anafungwa kwa kutupa kikombe cha kinywaji kwenye bonde la Grand Canyon, na Bugs anafungwa pamoja naye kwa kuidharau mahakama. Gerezani Bugs anastarehe. Wafungwa wanampenda, naye haoni haja ya kutoka. Ule utulivu wake wa zamani mbele ya mtutu unafanya kazi tena, kwa kuwa amewekwa mahali ambapo mtu mwingine angeogopa. Lakini visa vya namna hii ni vichache. Katika vipindi vingi utulivu wa Bugs haugharimu kitu, na utulivu usiogharimu kitu ni vigumu kuutofautisha na kiburi cha mwenye nyumba. Msikilizaji wa ngano aliyezoea Sungura mdogo kati ya Simba na Fisi atauhisi upungufu huo mapema kuliko mtazamaji aliyekulia kwenye komedi za sebuleni.

Looney Tunes Cartoons, iliyoanza mwaka 2020, ilirudi kwenye filamu fupi na kufukuzana. Mwanzoni Elmer aliondolewa bunduki mikononi, lakini baruti zikabaki, na Bugs akapata tena shimo lake. Daffy hakuwa na nyumba ya mwenzake ya kuiita yake.