Milima na Bahari Bila Rangi ya Msingi

Mchoraji wa rangi ya mafuta hufunzwa mapema kulikinga turubai lake. Hulipaka gundi, kisha rangi nyeupe ya msingi, ili mafuta yasipenye kwenye nyuzi. Helen Frankenthaler aliiacha hatua hiyo kwa makusudi, na hapo ndipo uzuri wote wa picha yake "Mountains and Sea" unapoanzia.

Aliichora New York mnamo Oktoba 1952, akiwa na miaka 23. Miezi michache kabla alikuwa Nova Scotia, Kanada, akichora kwa rangi za maji vilima na pwani ya huko. Studioni hakuwa na picha wala mfano wa kuiga. Kwa maelezo yake, mandhari ile alikuwa amerudi nayo mikononi.

Alitandaza turubai sakafuni, karibu mita 3 kwa zaidi ya mita 2, kama alivyokuwa akifanya mchoraji Jackson Pollock. Lakini rangi ya Pollock hukaa juu ya turubai, nzito, kama kamba zilizorushwa. Frankenthaler aliizimua yake kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi mno, akachora mistari michache ya mkaa, kisha akaanza kumimina. Rangi ikazama. Waridi, buluu na kijani vikaingia ndani ya kitambaa chenyewe, bila mng'ao, bila alama nene za brashi. Unaona rangi na unaona ufumaji kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa aliiacha tupu, na utupu huo ndio unaotoa mwanga: haukupakwa, uliachwa.

Ustadi huu hausamehe. Rangi iliyokwisha kunyweka haikwanguliki, wala haifichiki kwa tabaka jingine bila picha nzima kuharibika. Lazima ujue kiasi cha tapentaini, ujue turubai litavuta wapi, na kubwa zaidi, ujue pa kuacha. Kwangu mimi, kuacha kule ndiko kugumu kuliko yote, na katika umri ule kunastaajabisha.

Mwaka 1953 mhakiki Clement Greenberg aliwapeleka wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland kuiona picha hiyo. Wote wawili walirudi Washington wakabadili namna yao ya kuchora.

Njia hiyo ina gharama yake. Mafuta hutambaa nje ya rangi na kuacha duara hafifu kuzunguka mabaka, na kwa miaka mingi hudhoofisha nyuzi zisizokingwa. Katika miaka ya 1960 Frankenthaler mwenyewe alihamia rangi za akriliki.

Picha hii imekaa kwa mkopo wa muda mrefu National Gallery of Art, Washington. Ukijaliwa kufika, usikimbilie kutafuta mlima uko wapi na bahari iko wapi. Sogea karibu kadiri walinzi watakavyokuruhusu, utazame kingo za buluu pale zinapokutana na kitambaa kitupu.