Kutoka malalamiko hadi hoja: Kenyatta alivyojifunza kuandika

Mwanafunzi wa Kinanie, katika Kaunti ya Machakos, akipewa chuoni kazi ya kuandika kuhusu ardhi, hakosi la kusema. Amekua akiona mashamba ya mifugo yakikatwa viwanja, ekari 500 zikitengewa viwanda vya ngozi, na mnamo Oktoba 2023 nyumba zikibomolewa Mavoko kwenye ardhi ya kampuni ya saruji. Uchungu anao na habari anazo. Kazi ngumu ni kuugeuza uchungu huo uwe hoja ambayo hata asiyemhurumia atalazimika kuijibu. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya, alipita njia hiyohiyo akiwa mwanafunzi, na maandishi aliyoacha yanaturuhusu kuona hatua zake.

Tuanze na Machi 1930. Kenyatta, mjumbe wa Kikuyu Central Association jijini London, anaandika barua kwa gazeti la The Times akitaja madai matano ya chama chake, likiwamo la usalama wa ardhi. Barua ina adabu na iko wazi. Hata hivyo, inamtaka msomaji akubali bila kumpa njia ya kupima. Anayeamini kwamba Wakikuyu walinyang'anywa ardhi ataendelea kuamini, na asiyeamini atafunua ukurasa wa pili. Miaka miwili baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Carter, iliyochunguza suala la ardhi nchini Kenya. Ripoti ya tume hiyo, ya 1934, ilithibitisha mipaka ya maeneo yaliyotengewa walowezi wa Kizungu.

Mwaka 1935 akaingia London School of Economics, katika semina ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski. Humo mwanafunzi aliisoma makala yake mbele ya wenzake, kisha akahojiwa: desturi hii inafanya kazi gani, nani huitekeleza, inashikana vipi na nyingine? Katika miaka hiyo pia alikuwa akiwasaidia wataalamu wa fonetiki wa University College London kuchunguza matamshi na toni za Kikuyu. Nadhani kazi hiyo ya kurudia neno moja hadi lielezwe sawasawa ilimnoa kuliko inavyosemwa.

Matunda yake ni kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Tazama kwanza mpangilio. Sura ya ardhi, ambayo ndiyo moyo wa ugomvi, haitangulii. Inakuja ya pili, baada ya sura ya ukoo na nasaba, kwa sababu msomaji hawezi kuelewa nani mwenye shamba kabla ya kujua familia ni nani.

Ndani ya sura hiyo anafanya jambo ambalo barua ya 1930 haikulifanya: anapanga aina za watu wenye haki juu ya ardhi. Yuko mwenye githaka, yaani ardhi ya familia. Yuko muhoi, anayepewa haki ya kulima kwa urafiki, bila malipo. Yuko muthami, anayeruhusiwa kujenga na kulima kwa muda. Mtu akisoma haraka ataona orodha kavu, lakini mtego uko hapo. Msomaji akishakubali kwamba mtu anaweza kulima shamba miaka mingi bila kuwa mwenyewe, Kenyatta anamweleza jinsi Wazungu wa kwanza walivyopokelewa: kama wapita njia waliohitaji mahali pa kukaa kwa muda. Mashtaka yamekwisha kuthibitishwa kabla hajainua sauti. Mwishoni mwa sura ndipo anapoleta ngano ya mtu na tembo, yenye hasira tupu, nayo inakubalika kwa kuwa ushahidi umetangulia.

Hakufanya yote peke yake. Rafiki yake Dinah Stock alimsaidia kuuhariri mswada, na Malinowski akaandika utangulizi. Wala kitabu hakikosi kasoro. Mbinu ya semina ile iliona jamii kama mwili ambao viungo vyake vyote vinapatana, kwa hiyo migongano kati ya mwenye githaka na muhoi, au kati ya wazee na vijana, inafifia mno. Tena Kenyatta hutegemea sana mamlaka yake ya kuwa mwenyeji. Mhadhiri wa leo angeandika pembeni kwa wino mwekundu: nani alikuambia, wapi, lini?

Mwanafunzi wa Kinanie achukue mpangilio ule pamoja na swali hilo la wino mwekundu. Wakamba, wenyeji wa Machakos, nao walitofautisha ardhi: ng'undu, shamba la familia, kisesi, malisho ya mtu au familia moja, na weu, malisho ya wote. Insha inayoanza kwa kusema ardhi yetu iliibwa haijaeleza ni ipi kati ya hizo tatu, na jibu la kila moja ni tofauti. Rasimu ya pili ianze na swali dogo: kwenye weu wa nyanda za Athi, nani aliweza kumzuia mwingine asilishe, na uwezo huo ulikoma lini? Wazee waulizwe, na kando ya kila jibu iandikwe tarehe na mahali. Kisha majibu yao yalinganishwe na hati za ofisi ya ardhi Machakos na majalada ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Pale ambapo mzee na hati wanapingana ndipo aya yake yenye nguvu kuliko zote itakapoandikwa.