Kufundisha nako ni kazi ya elimu

Wasomaji wetu wengi ni walimu, ao watakuwa walimu kesho. Kwa hiyo twataka kusema maneno machache juu ya kitabu kidogo kilichotoka Marekani mwaka wa 1990. Jina lake ni Scholarship Reconsidered. Mwandishi wake, Ernest Boyer, alikuwa mkubwa wa Carnegie Foundation, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1905 kwa ajili ya mambo ya kufundisha. Boyer alikufa mwaka wa 1995, lakini mawazo yake yangali yakibishaniwa katika universite nyingi.

Boyer aliona jambo ambalo kila mwanafunzi amekwisha kuliona. Profesa akichapisha vitabu, hupandishwa cheo. Akifundisha vema miaka ishirini, husifiwa siku ya kuagwa, basi. Boyer akasema kwamba kazi ya mtu wa elimu ina njia nne: kuvumbua mambo mapya, kuunganisha elimu mbalimbali, kutumia elimu kwa kusaidia watu, na kufundisha. Hapo twamkubali kabisa.

Lakini kitabu kina upungufu. Juu ya kufundisha kurasa zake ni chache, tena hazionyeshi wazi tofauti kati ya mwalimu anayefundisha vema na mwalimu anayechunguza kufundisha kwake mwenyewe. Wala hazitoi kipimo. Mwaka wa 1997 Glassick, Huber na Maeroff walitaka kuziba tundu hilo katika kitabu Scholarship Assessed. Wakataja vipimo sita: kusudi wazi, matayarisho ya kutosha, njia zinazofaa, matokeo yenye maana, kuyaeleza vizuri mbele ya watu, na kujihoji mwenyewe. Kwa maoni yetu, hicho cha mwisho ndicho kinachobeba vingine vyote.

Yabaki habari ya feza, maana mwalimu mwenye vipindi vingi hawezi kujihoji bila nafasi. Mwaka wa 1998 Carnegie Foundation, ikisaidiwa na Pew Charitable Trusts, ilianza kuwasaidia maprofesa wachache ili kila mmoja achunguze swali moja la darasa lake. Mmoja wao, Randy Bass wa universite ya Georgetown, alionyesha mwaka wa 1999 ajabu moja. Katika uchunguzi, mtu mwenye swali gumu huheshimiwa, maana swali ndilo mwanzo wa kazi yake. Katika kufundisha, mtu huyohuyo akisema ana shida, wenzake humwona ni mwalimu zaifu.

Waingereza walifuata njia nyingine. Tangu 2005 hata 2010, baraza lililogawia universite feza za serikali lilisimamisha vituo 74 vya ufundi wa kufundisha, kwa pauni milioni 315. Sehemu ya feza ilikuwa ya majengo na vyombo, sehemu ya kazi ya kila mwaka. Hatusemi zilipotea bure. Walimu wengi walipata nafasi ya kujaribu njia mpya. Lakini tazameni mlango wa kuingilia: aliyetaka feza ilimpasa kuonyesha kwanza kwamba amekwisha kufundisha vema. Je, mtu aliyepewa feza kwa sababu ya ubora wake atasema kwa urahisi, « Wanafunzi wangu hawakuelewa » ? Mficha ugonjwa, kilio humwumbua.

Basi hukumu yetu ni hii. Boyer alifanya vema kuipa kazi ya kufundisha jina la heshima. Lakini heshima peke yake haitoshi, wala feza peke yake hazitoshi. Mwenye kutoa feza asiulize, « Wewe ni bora namna gani? » Aulize, « Ni kitu gani wanafunzi wako hawakuelewa, nawe utajuaje sababu yake? » Kisha amdai mwalimu awaeleze wenzake alichokiona, hata kama jaribio lake limeshindwa.

Nasi tusingoje pauni wala dola. Profesa wa seminari na katekista wa kijijini waweza kuanza leo kwa daftari moja: jioni waandike swali ambalo darasa halikuweza kulijibu, kisha walipeleke kwa mwenzao. Wakubwa wetu nao wawape nafasi ya kufanya hivyo, wala wasiwacheke. Anayelipia kushindwa kwa mwalimu ni mwanafunzi, na mara nyingi hunyamaza.