Kezilahabi si Kazimoto

Kaa dakika tano na wasomaji wa Euphrase Kezilahabi, hutakosa mmoja atakayesema, "Mimi ni Kazimoto kabisa." Namwelewa. Kichwamaji, riwaya ya 1974, inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, na ile "mimi" yake inakuvuta hasa kama wewe ni mtu wa peke yako. Hapa Tunduma upweke wenyewe ni kazi. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, wabadilisha fedha wanakuita na kwacha mkononi, Kinyamwanga na Kibemba vinapishana na Kiswahili barabarani. Ukipita kimya na kitabu kwapani, hukumu ni moja tu: anajisikia huyo. Sasa ukikutana kitabuni na msomi wa chuo kikuu aliyerudi likizo kwao Ukerewe, asijue aongee nini na watu wake, unasema, kumbe tupo wengi!

Ila udugu huo tunaufunga na mtu asiye sahihi. Kazimoto ana akili, sawa, lakini watu wa kwao anawatazama kutoka juu. Anamchukia Manase kwa alichomfanyia dada yake Rukia, na yeye mwenyewe si msafi mbele ya wanawake. Anamwoa Sabina, dada yake Manase huyohuyo. Mwisho anajiua. Wapo vijana wanaousoma ule mwisho kama jibu, tena wanaunukuu kwa fahari, na hapo ndipo naogopa. Kezilahabi hakumwandika Kazimoto ili tumwige. Alikuwa anatuonyesha akili inavyojitafuna ikishawadharau wote waliobaki.

Mwandishi mwenyewe aliishi miaka 46 baada ya kitabu hicho. Mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Botswana, mbali na wasomaji wake, hadi akaja kufariki Januari 2020. Baada ya Mzingile, 1991, hakutoa riwaya nyingine. Ukimya wote huo! Ndiyo maana tunamwona kama mtawa fulani, na sisi wakimya tunamdai ni wetu.

Basi tumdai vizuri. Angalieni majina ya diwani zake tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988), Dhifa (2008). Maumivu ya mbavu, kisha mlango, kisha chakula cha wageni. Iwe alipanga au la, hizo si hatua za mtu anayekimbia watu. Na mwaka uleule aliomtoa Kazimoto, alitoa pia mashairi yasiyo na vina wala mizani, na washairi wa jadi wakamshukia. Ugomvi ule uliendelea miaka na miaka. Mimi siingii kwenye ugomvi. Ninachosikia kwenye Kichomi ni sauti ya mtu anayeongea na mtu mmoja aliye karibu, hahitaji kupaza.

Nagona (1990) ndiyo inayonikamata zaidi. Ni "mimi" tena, anaingia kwenye mji uliokufa kimya. Lakini safari hii mpweke hakai na kichwa chake tu: anakutana na akina Plato, Nietzsche, Marx, Freud, marehemu waliomtangulia kuuliza maswali yaleyale. Kuna kurasa ambapo daktari wa falsafa aliyesoma Wisconsin anamzidi nguvu msimulizi, majina yanarundikana na hadithi inakosa hewa. Hata hivyo, kwangu ndiyo picha ya kweli ya tunachofanya tukisoma usiku peke yetu. Mtu aliyekufa anakusogezea kiti, wewe unakaa, mnabishana.

Kijana akija kuazima Kichwamaji kwangu, nampa. Ila juu yake naweka Karibu Ndani. Ni chembamba, hakimwongezei mzigo.