Imani na Hamu ya Ithibati katika Kichwamaji: Usomaji kutoka Busisi

Wahakiki wengi wa Kichwamaji (1974) wameisoma riwaya hiyo kwa jicho la udhanaishi, wakamwona Kazimoto kuwa kielelezo cha msomi aliyepoteza imani baada ya elimu kumzoesha kudai ithibati. Usomaji huo una msingi, ila unaacha swali moja: je, Kazimoto anaangamia kwa kuwa ametaka ithibati, au kwa kuwa hana wa kuitafuta pamoja naye? Sehemu hii inatetea jibu la pili.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi. Nyegezi iko kando ya Ghuba ya Mwanza, ghuba ileile inayotenganisha Busisi na Kigongo. Upande wa Kigongo ndiko iliko Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni mwaka 1883. Kazimoto si Kezilahabi, lakini shaka yake imeandikwa na mtu aliyeijua altare kwa karibu. Ni shaka ya mtoto wa nyumbani, wala si ya mpita njia.

Katika riwaya, ithibati kubwa kuliko zote inayomfikia Kazimoto ni mwili wa mtoto. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na hatimaye anamwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, naye hapati kuishi. Mtoto wa Manase naye ana kichwa cha namna hiyo. Mtu aliyetaka kuona sasa ameona. Hata hivyo, alichokiona hakimpi sababu ya kuishi, naye anajiua. Kezilahabi anatuonyesha hapa kwamba ushahidi waweza kuwa kamili na bado usimjenge anayeupokea.

Tumlinganishe na Tomaso wa Injili ya Yohana. Yeye pia hakuridhika na maneno ya wenzake. Alitaka kuona majeraha na kuyagusa. Mahubiri mengi humtaja kwa kumlaumu, lakini masimulizi yenyewe yana jambo ambalo husahaulika: siku nane baadaye Tomaso alikuwa bado chumbani pamoja na wenzake. Hawakumfukuza, naye hakuwakimbia. Alipooneshwa majeraha alikiri, na Injili haisemi kwamba aligusa. Kuona kwake kulimkuta akiwa miongoni mwa watu. Kazimoto anaona akiwa peke yake, ingawa ana mke na jamaa. Hata usimulizi wa nafsi ya kwanza unaukaza upweke huo: msomaji hana shahidi wa pili, na mtu asiyekubali neno la mwingine anatutaka tukubali lake.

Yawezekana kupinga kwamba ulinganisho huu unaibatiza riwaya isiyotaka ubatizo. Pingamizi hilo ni la haki kwa sehemu: Kichwamaji haimrudishi Kazimoto kanisani, wala mhakiki hana ruhusa ya kumrudisha. Hoja yetu ni finyu zaidi: riwaya hailaani kuuliza.

Kwa msomaji wa Busisi, suala hili si la vitabuni tu. Kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, waliovuka hapa kwenda Kigongo walitegemea kivuko, na kila abiria aliyepanda aliamini kazi ya watu asiowajua. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, MV Nyerere iliyoruhusiwa kubeba watu 101 ilipinduka ikiwa imejaza kupita kiasi. Waliokufa walizidi 200. Watu wa ziwa hawawezi kuambiwa kwamba kukagua ni utovu wa imani. Penye chombo cha kukaguliwa, kuamini bila kukagua ni uzembe. Mungu hapimwi kama chombo, na hapo ndipo Kazimoto anapokwama; lakini anayezoea kunyamazishwa anapouliza juu ya Mungu atazoea pia kunyamaza gatini.

Kwa hiyo, tahakiki inayomfanya Kazimoto kuwa onyo dhidi ya maswali inaipotosha riwaya. Onyo lililomo linawaelekea zaidi waumini: Tomaso wao akisema hajasadiki, wamwachie nafasi chumbani.