Evelyn Alipata Kung Fu, Mwandishi Akapata Daktari

Everything Everywhere All at Once, filamu ya 2022 iliyobeba tuzo 7 za Oscar, huwa naitetea popote, na nitaendelea kuitetea. Ila kuna kitu hunikera kila nikiirudia.

Evelyn Wang ni mhamiaji kutoka China, ana dobi Marekani, na tunamkuta amezama kwenye risiti. Anajibu huyu, anamkaripia yule, anapika, hesabu za ushuru haziishi. Afisa wa ushuru anashika risiti ya mashine ya karaoke: hii na kufua nguo wapi na wapi? Uimbaji, riwaya, upishi, vyote Evelyn ameviota na hakuna kilichofika popote. Kwetu mtu kama huyo huitwa mvivu tu, basi.

Daniel Kwan, mmoja wa waandishi na waongozaji wake wawili, amesimulia hadharani kwamba walipokuwa wakimuunda Evelyn walifikiria kumpa ADHD, ile hali ya ubongo inayotawanya umakini. Akaanza kusoma kuihusu, akakesha akilia, kumbe anajisoma mwenyewe. Akatafuta tiba, akapimwa, akaanza dawa.

Haya, na Evelyn je? Alipata kung fu. Anaambiwa yeye ndiye Evelyn aliyefeli kuliko wote katika malimwengu yote, na kufeli huko ndiko nguvu yake. Wazo tamu, hata mimi nililia. Lakini ADHD haitajwi hata mara moja. Hawezi kukubali dawa wala kuzikataa, maana hakuna aliyemwambia zipo. Wanawake wengi wako hapo hapo. Darasani, mvulana anayeruka juu ya dawati ndiye hupelekwa kwa daktari. Msichana anayeota mchana kimya kimya huandikiwa kwenye ripoti "aongeze bidii". Akishakuwa mama, ati anasifiwa kwa kufanya mambo 10 kwa mpigo.

Sisemi kila mtu ameze tembe. Namjua mmoja aliyezikubali, na mwingine aliyesema kujua jina la hali yake kulimtosha. Wote wawili walichagua.

Mwishoni wanarudi ofisi ya ushuru. Afisa anaongea, Evelyn anapotelea malimwengu mengine, kisha anarudi na kuomba radhi: alikuwa anasema nini? Filamu inatabasamu hapo. Mimi hubaki nikihesabu ni mara ngapi maishani ameuliza swali hilo.